Bomba la Jikoni kwa Mama Zefania

Mama Zefania tulimzika kijijini kwake Mamba, milimani, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba, na asubuhi iliyofuata binti yake Niwaeli akaniita jikoni. Jamaa walikuwa wanagawana vitu vya marehemu: jembe kwa huyu, chungu kwa yule, kanga kwa mkwe. Kila kitu kilikuwa kimepata mwenyewe isipokuwa bomba moja la chuma, refu kama mkono wa mtu mzima, upande mmoja jeusi kwa masizi na upande wa pili linang'aa kama kijiko. Wajukuu walikuwa wakibishana. Mmoja alisema ni mtutu wa bunduki ya Mjerumani. Mwingine, aliyesomea ufundi, alisema ni bomba la maji, ila hakuweza kueleza kwa nini bomba la maji lisuguliwe laini namna ile. Wanawake hawakujali lilitoka wapi. Kwao lilikuwa bomba la bibi la kupulizia moto, basi. Nililigeuza kwenye mwanga wa mlangoni nikatafuta alama, na alama ilikuwapo, nukta mbili nilizozigonga kwa msumari wa chuma kigumu nilipokuwa kijana. Lilikuwa bomba la ndani la mguu wa kushoto wa mbele wa pikipiki ya Zefania. Nililijua kabla ya kuziona zile nukta, kwa uzito wake. Kiganja kina kumbukumbu zake, na sijapata kitabu kinachonieleza zinakaa wapi.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, Mwingereza akiwa bado bomani Same. Mimi na Zefania tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka la Mhindi, karibu na stesheni. Ukuta uliotutenga na fundi cherehani wa jirani, Mzee Shabani, uliishia kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo tulisikia cherehani yake ikikimbia na kusimama, na yeye alisikia kila tulichosema. Mimi nilifanya kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Zefania alikuwa dresa wa serikali, msaidizi wa tabibu, kaptula ya kaki na sanduku la mbao, na kazi yake ilikuwa kuipelekea dawa zahanati ya Mamba, nyumbani kwao. Tulikuwa na vitanda viwili vya kamba, jiko la mkaa na sufuria moja. Jumapili tulipika makande ya kutosha siku kadhaa, na kila jioni tuliyapasha yakazidi kukauka, mpaka siku ya mwisho tukawa tunayakata kwa kijiko kama keki. Katikati ya vitanda ndipo ilipolala pikipiki. Chumba kile ninakikumbuka kwa harufu zake, mafuta, mkaa na maharage, na hata leo nikifungua gamba la mashine ya mtu huwa nahisi kwamba nikiinua macho nitamwona mwenzangu amekaa upande wa pili, miguu imekunjwa, akisubiri nimpe spana.

Pikipiki ilikuwa ya jeshi, masalia ya vita. Miguu yake ya mbele ilikuwa ya aina iliyokuwa ngeni kwetu wakati ule: bomba linaloteleza ndani ya bomba, na ndani yake springi na mafuta. Kazi ya springi ni kubeba, kazi ya mafuta ni kuchelewesha. Ile ya Zefania springi zake zilikuwa zimechoka na sili zake za kuzuia mafuta zimeisha, yanavuja hadi kwenye tairi, na gurudumu likiingia shimoni miguu ilishuka hadi mwisho, chuma kikagonga chuma. Mlio wake ulikuwa mara mbili, mguu wa kulia kwanza halafu wa kushoto, kama mtu anayebisha hodi bila nguvu. Zefania alisema kwamba toka Maore, chini tambarare, hadi Mamba alikuwa akibisha hodi kwenye kila jiwe. Na nyuma yake, ndani ya sanduku, chupa zilivunjika.

Chupa ndizo zilizokuwa hatarini, na kwa ajili ya chupa kazi yake. Siku hizo dawa ya kikohozi, ya tumbo na ya homa ilikuja ikiwa maji kwenye chupa kubwa, na wagonjwa walikuja zahanati na vichupa vyao wenyewe, vimezibwa kwa kigunzi cha mahindi, wakakaa kwenye ukuta wa mawe kusubiri wapimiwe. Zefania alipofungua sanduku likatoa harufu ya dawa iliyomwagika, watu waliinuka wakarudi milimani na vichupa vitupu. Alinieleza jambo hilo mara moja tu. Daktari wa wilaya, Mwingereza mrefu aliyeongea polepole ili aeleweke, alimwita akamwambia kwamba chupa zikiendelea kuvunjika pikipiki itarudi stoo, dawa zitabebwa kichwani kama zamani, na yeye atarudi wodini kufua bandeji. Alimpa muda wa kujirekebisha mpaka mvua zianze. Vipuri alisema havipo.

Basi tulivitengeneza. Sili tulizikata kwenye ngozi ya ng'ombe, tukaziloweka katika mafuta ya mkia wa kondoo mpaka zikalainika, na ya kwanza hadi ya tatu zote zilivuja kwa sababu nilikata kwa kisu badala ya kupiga kwa duara la bomba lililonolewa. Juu ya springi tuliweka vipande vya mpingo nilivyochonga kazini wakati wa mapumziko, ili zianze kazi zikiwa tayari zimebanwa. Mafuta ndiyo yaliyotusumbua. Ya injini yalikuwa mepesi mno. Grisi haikupita kwenye vitundu. Mwisho tulijaribu mafuta ya nyonyo, yale yale ambayo Zefania aliwanywesha watu matumbo yakikataa. Tuliisimamisha pikipiki chumbani, tukaipakia mfuko wa mchanga, tukaweka kikombe cha maji juu ya tangi, halafu tukaliangusha gurudumu la mbele kutoka juu ya tofali. Kikombe kilitikisika, maji hayakumwagika. Tukarudia, na tena. Ilikuwa mchana, bati linawaka, jasho linatuingia machoni.

"Nyie vijana," Mzee Shabani akasema toka upande wa pili, cherehani imesimama. "Wenzenu wa rika lenu wanaoa. Nyie mnaninywesha kelele za chuma kilichoharisha."

"Huyu ndiye tunayemposa, Mzee," Zefania akajibu. "Tunampima kama ana adabu."

"Ana adabu?"

"Sasa anayo. Ameanza kupiga magoti polepole."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kosa letu lilikuwa mle ndani ya kicheko na wala hatukuliona, watu watatu wazima wa Same. Tulikuwa tumeipima miguu kwa joto la Same, chini ya bati, mchana. Mtu wa Moshi mjini au wa Tanga asingekosea hivyo, maana pikipiki yake ingekaa katika hali moja ya hewa toka asubuhi hadi jioni. Ya kwetu ilikuwa inatoka kwenye tambarare ambako mbuzi hutafuta kivuli cha nguzo ya simu, na kabla ya jua kutua inatakiwa iwe mahali ambapo watu hulala na blanketi mbili.

Safari ya kwanza nilikwenda naye, nimekalia gunia nyuma ya sanduku. Kijiji cha Kisiwani tulikipita kama tuko juu ya godoro. Maore watu walitoka kutazama kwa nini dresa leo habishi hodi. Tulipanda mlima jioni, polepole, na chupa zote zilifika nzima. Tulilala kwa mama yake. Nikifumba macho naliona jiko lile sawasawa: mafiga matatu, kinyesi cha kuku mlangoni, mahindi ya mbegu yamening'inizwa juu ya moto yakawa rangi ya ngozi, na Mama Zefania amekaa kwenye kigoda mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti. Alitupa makande mapya yenye maziwa, akatutazama tukila, halafu akamwuliza mwanawe kama huko Same watu hawali.

Asubuhi yake pikipiki ilikuwa imekufa mbele. Niliegemea usukani kwa uzito wangu wote na miguu haikushuka hata upana wa kidole. Nyonyo ilikuwa imekuwa nzito kama asali iliyokaa. Zefania alijaribu kuiendesha pale uani, na gurudumu likawa linaruka juu ya kokoto badala ya kuzifuata. Kwenye majani yenye umande lilimtoroka akaweka mguu chini. Nikamwambia kwamba tutachanganya na mafuta ya taa. Akasema nikiyafanya mepesi ya kufaa huku, Maore yatakuwa maji na tutarudi kulekule kwenye hodi. Ilikuwa kweli. Tulisimama pale tukiwa na miguu miwili na hali za hewa mbili. Mama yake alikuwa mlangoni anababua jani la mgomba juu ya moto, ajifunge kwenye goti kama alivyofanya kila asubuhi ya baridi.

"Mama, lete na hilo jingine," Zefania akasema. "Na huyu naye ana magoti."

Alikuwa anatania. Mama yake hakucheka. Alichechemea akaja na majani mawili yanayofuka, akapiga goti lake zima chini, akaifunga miguu ya pikipiki mmoja baada ya mwingine kwa kamba za mgomba, akakaza kama anavyofunga kifua cha mtoto anayekohoa. Juu yake akaweka gunia lenye majivu ya moto. Tukanywa chai. Tulipomaliza niliegemea usukani, na miguu ikashuka taratibu, ikapanda taratibu, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Zefania alishuka mlima na joto lile, na kabla halijaisha alikuwa ameshafika kwenye joto la chini.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Alifika jioni na dawa, akalala kwa mama yake, na asubuhi pikipiki ilifungwa majani kabla mtu yeyote hajapewa chai. Majirani walipopita walimsalimia Mama Zefania na kumwuliza mjukuu wake wa chuma ameamkaje. Alijibu kwamba ameamka salama, anakula mafuta vizuri. Hata msimu wa joto hakuacha. Zefania aliniambia aliona haya kidogo, maana mabinti waliokwenda kuchota maji walisimama kutazama, lakini alipojaribu siku moja kuondoka bila majani mama yake alisimama mbele ya gurudumu, na yeye akazima injini. Mvua zilianza, zikapita. Zahanati ya Mamba watu waliacha kuinuka kwenye ukuta wa mawe na vichupa vitupu. Daktari alifungua sanduku mwenyewe siku moja, akagonga chupa moja moja kwa kucha, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Na kwa kuwa aliridhika, alimwongezea njia. Hilo ndilo ninalolirudia nikiwa peke yangu, si kwa sababu kuna wa kulaumiwa, bali kwa sababu kila kipande kinaingia kwenye kingine bila kulazimishwa. Kama tungeshindwa, Zefania angerudi kufua bandeji. Tulifaulu, kwa hiyo alipewa na zahanati ya juu zaidi, karibu na msitu wa Shengena, ambako hakuwahi kufika dresa mwenye chupa nzima. Kutoka kule hakuweza kurudi kulala kwa mama yake. Alilala kwenye chumba cha dawa, sakafuni. Mama yake alimpa majani ya mgomba abebe, Zefania akacheka akasema majani yapo kila mahali, kinachokosekana ni jiko la mama. Aliniahidi, na alimwahidi mama yake pia, kwamba atasubiri jua lipande ndipo aondoke.

Mara nyingi alisubiri. Asubuhi moja ya Julai hakusubiri, na sababu naijua: kulikuwa na mama mjamzito chini, Mamba, aliyekuwa akitokwa damu, na mjumbe alifika kwa miguu alfajiri kuitaka dawa iliyokuwa imeletwa juu jana yake. Zefania aliondoka ukungu haujaondoka. Kwenye kona ya kwanza kubwa chini ya msitu, mahali ambapo maji hukatiza barabara juu ya mawe, aliacha njia. Waliomkuta walisema hakuwa na jeraha la kutisha, alikuwa amelala kama aliyejinyoosha. Sanduku lilikuwa zima na chupa zote zilikuwa nzima. Mtu mmoja aliichukua ile dawa akakimbia nayo, na yule mama akapona. Mtoto wake sasa ni mwanamume mwenye mvi kidogo. Alibeba jeneza la Mama Zefania upande wangu, na tulipokuwa tunapokezana bega hatukutazamana.

Mimi nilifika kwenye kona ile mchana, nimepanda lori la mbao toka Maore na kumalizia kwa miguu. Nilitaka kujua, na hili ndilo ambalo sitalijua. Ukungu ulikuwa umekwisha, jua linapiga mawe. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa kwenye mti, mguu wa kulia umepinda, wa kushoto mzima. Niliushika ule mzima, nikaufungua kutoka kwenye mwenzake, nikausukuma. Ulishuka taratibu, ukapanda taratibu, sawasawa kabisa na tulivyoupima chumbani Same na kikombe juu ya tangi. Chochote ulichokuwa alfajiri, jua lilikuwa limekifuta. Labda uligoma kwenye yale mawe, gurudumu likaruka. Labda hakuiona kona. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo kuhusu mafuta na baridi, kwa kamusi, neno kwa neno, na kila kimoja kinanieleza mafuta hufanya nini. Hakuna kinachonieleza yale yalifanya nini.

Msibani jiko lilijaa wanawake, na mimi nilikaa nje nyuma ya ukuta wa fito nikawasikia. Walisema mama mtu hataki kula. Walisema toka asubuhi anababua majani ya mgomba, akimaliza anayatazama yanapoa, anachukua mengine. Mmoja akasema wamnyang'anye. Mwingine, mtu mzima kwa sauti, akasema mwacheni, anasikia inapanda. Nikajikuta nami natega sikio upande wa barabara. Wiki zile watu wengi wa mteremko ule walisema waliisikia pikipiki, jioni, ikipanda toka Maore bila kubisha hodi. Mimi sikuisikia. Nilichosikia, na ninachoendelea kusikia, ni ule mlio wa zamani kabla hatujaitengeneza, mara mbili, kulia halafu kushoto. Huja karakana ikiwa kimya, nikiwa nimeinama. Sijawahi kugeuka.

Kabla sijarudi Same nilikwenda kumuaga. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Nilidhani ataniuliza juu ya kona. Akaniuliza swali moja tu.

"Siku ile, baba, nani alimpashia?"

Nikamwambia sijui, mama. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo. Halafu akasema, "Nipe ule mguu uliobaki mzima."

Serikali haikuitaka tena ile pikipiki, na watu walikuwa wameisukuma hadi uani kwake. Niliufungua mguu pale pale, nikamwaga nyonyo kwenye majivu, nikatoa springi na kipande cha mpingo, na bomba la ndani nikalisugua kwa mchanga mpaka likawa safi. Nilimkabidhi nikidhani ataliweka kaburini, au sandukuni na nguo za marehemu. Mwaka uliofuata nilihamia kazi ya mbali, nikarudi Same uzeeni, na barua zetu hazikuwahi kutaja chuma.

Sasa Niwaeli alikuwa ananitazama, na wajukuu nao, wakisubiri niseme ni kitu gani. Niliwaambia. Yule wa bunduki akaondoa mkono wake juu ya bomba. Ndipo Niwaeli akanieleza kwamba mama yake hakuruhusu mtu mwingine alipulizie, mpaka mikono yake iliposhindwa kuliinua. Ndiyo sababu upande mmoja uling'aa, ni midomo yake na viganja vyake vya kila asubuhi. Lilikuwa zito mno kwa kazi ile, alilazimika kuliegemeza kwenye figa. Waliwahi kumletea jingine jepesi la mwanzi, akalitia motoni. Na kuanzia Juni hadi Agosti, kabla hajalipulizia, alilifunga jani la mgomba lililobabuliwa kwenye makaa ya usiku, akaliacha kwanza hadi likolee joto, ndipo akawasha moto wa chai. Watoto wa nyumba ile walikua wakijua kwamba bomba hupashwa. Walidhani nyumba zote ndivyo zilivyo.

"Ni lako, kaka," Niwaeli akasema. "Wewe ndiye uliyelitoa. Ila likienda Same, uwe unalipasha."

Nililishika tena. Upande wa masizi ulikuwa na joto. Wanawake walikuwa wamepika uji wa waombolezaji asubuhi ile na kulirudisha mahali pake bila kufikiri. Nilitazama ndani yake kuelekea mlangoni kama nilivyozoea kutazama, kuona kama limepinda, na halikuwa limepinda. Kule mwisho wa duara kulikuwa na ukungu mtupu.

Nilimshukuru, nikalilaza kwenye majivu, upande wenye moto. Kwangu Same tunapikia mafuta ya taa.